Kutunga Shairi la Kwenu: Mwongozo wa Kuanzia Shambani, Pwani au Jikoni Hadi Ubeti Kamili

Ubeti huu niliuandika nikiwa kijana, niko mbali na nyumbani, na kwa muda mrefu niliupenda:

Unguja kisiwa chema, kimejaa na uzuri,
Minazi imesimama, yapepea kwa fahari,
Watu wake wana hima, wageni huwasitiri,
Nakupenda nchi njema, ewe lulu ya bahari.

Hesabu mizani, yaani silabi: 8 kila kipande, 16 kila mshororo. Kina cha kati ni -ma, cha mwisho ni -ri, na havikuyumba popote. Kwa arudhi, yaani kanuni za mizani na vina, hauna kosa. Sasa futa neno Unguja, weka Mafia. Mafia nalo lina silabi 3, kwa hiyo mizani haitikisiki, na hakuna neno jingine linalodai kubadilishwa. Minazi ipo Mafia. Bahari ipo. Watu wenye hima wapo. Niliapa kwamba nimeandika kuhusu kwetu, kumbe niliandika kuhusu kisiwa chochote chenye minazi.

Jaribio hilo la kubadili jina ndilo ninalokupa kabla ya hatua yoyote. Chukua shairi lako la kusifu kwenu, ondoa jina la mahali, weka jina la mahali pengine penye silabi zilezile. Kama shairi halikulalamika, rudi mwanzo.

Nilichojifunza baada ya miaka ya kufuta na kuandika upya ni hiki: kwetu hakukai sana katika majina ya miti, mito na milima. Kumo katika vitenzi, yaani katika yale ambayo mikono ya watu wetu hufanya kwa namna yake, na katika maneno wanayoambiana wakati wanayafanya. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo. Mifano yangu mingi inatoka pwani ya mashariki ya Unguja kwa sababu ndiko ninakokujua. Wewe weka ya kwenu, iwe Ukerewe, Lushoto, Kitui au Kigoma.

Hatua ya kwanza: chagua kazi moja, mahali pamoja, saa moja

Usiandike juu ya "utamaduni wetu". Neno hilo ni pana mno, na likikaa kichwani mwako litakuletea ngoma, mavazi na ukarimu, vitu vitatu ambavyo kila mtu anadai ni vya kwao. Andika juu ya mama anayefukiza ubani alasiri ya Alhamisi. Andika juu ya foleni ya ndoo kisimani kabla hakujapambazuka. Andika juu ya kijana anayekuna nazi huku anasikiliza mpira redioni.

Usidhani ni lazima iwe ya kale. Kilimo cha mwani pwani kwetu kilishika mwishoni mwa miaka ya 1980, na leo kuna wanawake wenye wajukuu ambao maisha yao yote ya kazi yamepimwa kwa maji kupwa na kamba za mwani. Hiyo ni nyumbani sawasawa na kusuka ukili. Kituo cha bodaboda chenye kijiwe chake, utani wake na zamu zake ni nyumbani pia. Kinachotakiwa ni kwamba ukijue kwa mkono, au umjue anayekijua kwa mkono.

Mimi nilichagua makumbi ya nazi. Marehemu bibi yangu alikuwa akiyafukia pwani, akiyafukua, akiyapiga mpaka yatoe usumba, yaani nyuzi zake, kisha akisokota kamba za kuuza. Nilikuwa mdogo, nikisimama upande ambao upepo haukuleta harufu.

Hatua ya pili: kusanya vitenzi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pengine pote. Watunzi wengi huharakisha kwenda kwenye vina, halafu wanashangaa kwa nini maneno yanawaishia baada ya beti mbili. Yanawaishia kwa sababu hawakubeba ya kutosha walipotoka nyumbani.

Nilikwenda kwa shangazi yangu, ambaye alifanya kazi hiyo na bibi. Sikumwambia, "Shangazi, nieleze mila zetu." Mtu akiulizwa hivyo hujikaza, akaanza kusema kama yuko mbele ya mgeni rasmi. Nilimuuliza juu ya mawe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

"Shangazi, yale mawe mlikuwa mnayaweka ya nini?"

"Juu ya shimo. Maji yakijaa yasiyachukue makumbi yetu. Na kila mtu na alama yake, jiwe langu silo lako."

"Mtajuaje kama yameoza?"

"Hayakufichi hayo. Ukinyanyua jiwe tu, unajua."

Dakika tano, na tayari nilikuwa na kitu ambacho nisingekitunga mwenyewe: jiwe langu silo lako. Halafu akaanza kueleza kazi, mikono yake ikifanya hewani kile mdomo ulichokuwa ukisema. Niliandika vitenzi tu, kimoja kila mstari: fukia, gandamiza, acha miezi, nyanyua, fukua, chopoa, piga, suuza, chambua, anika, sokota. Vitenzi kumi na kimoja, na kila kimoja kina picha yake, sauti yake na maumivu yake ya mgongo. Nikauliza alikuwa akipigia nini. "Mchi," akasema. "Ule wa kutwangia ulipovunjika, bibi yako hakuutupa." Hilo nililiandika pembeni na kulipigia mstari.

Fanya hivi: nenda kwa mtu mmoja, uliza juu ya kifaa kimoja, na ukiwa unasikiliza andika vitenzi na maneno yake ya mdomoni jinsi alivyoyatamka. Usiyasahihishe. Kama anasema neno usilolijua, mwombe akuonyeshe kwa mkono badala ya kumwomba maana. Ukirudi nyumbani, andika tarehe na mahali juu ya karatasi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, tunayasoma leo kwa sababu watu waliyahifadhi vichwani, na Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya na kuyaandika mwishoni mwa karne ya 19. Yangechelewa kizazi kimoja zaidi, mengi yangezikwa na waliokuwa wakiyakumbuka. Shangazi yako naye ana kumbukumbu ya namna hiyo, na hakuna mwingine wa kuiandika ila wewe.

Kama uko mbali na huwezi kwenda, piga simu. Ujumbe wa sauti unafaa zaidi kuliko wa maandishi, maana unapata na namna mtu anavyovuta pumzi kabla ya neno zito.

Hatua ya tatu: hakikisha mwezi, maji na mvua

Hatua hii ni fupi lakini ukiiruka wenyeji watakujua. Kila mahali pana kalenda yake, na shairi la nyumbani likikosea kalenda linakuwa la mgeni.

Pwani, bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana, na wanawake huenda mbali mwambani kutafuta pweza. Nusu ya mwezi ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Kwa hiyo ukiandika kwamba wanawake walikwenda mbali mwambani kwenye bamvua huku nusu ya mwezi ikining'inia angani, ubeti unaweza kuwa mtamu namna gani, mvuvi ataufunga hapo hapo. Vivyo hivyo na pepo: kaskazi huvuma miezi ya joto kuelekea Machi, kusi huja na masika na kuendelea kipindi cha baridi. Jahazi la zamani lililotoka Arabuni lilikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Usiligeuze kwa ajili ya kina.

Bara nako kuna jambo hili. Nimesoma mashairi ya watunzi wa Dodoma yanayosema "masika na vuli" kama yasemavyo mashairi ya pwani, ilhali Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia kama Desemba mpaka Aprili, na baada yake ukame mrefu. Ukame huo mrefu ndio wenye shairi. Mtunzi aliyeazima vuli ya Tanga amejinyima kitu chake mwenyewe.

Hatua ya nne: amua utasema kwa lugha ipi

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini, na kamati ya kukisanifisha ilianza kazi mwaka 1930. Ndiyo maana maneno mengi ya Makunduchi, Pemba, Mvita (Mombasa) na Amu (Lamu) yalibaki nje ya darasa. Ushairi, kwa upande wake, ulikwishakomaa zamani katika lahaja za kaskazini, na heshima ya watunzi wa Mombasa na Lamu imetufanya wengi tuamini kwamba shairi halinogi bila "mato" kwa macho na "nti" kwa nchi.

Nasema hili kwa mapenzi yote kwa watunzi hao: kama wewe si wa Mvita wala Amu, acha mato. Kijana wa Morogoro anayeandika "ndoo" akimaanisha njoo amevaa kanzu ya mtu mwingine, na urefu wake unaonekana miguuni. Anayestahili kuandika mato ni yule ambaye mama yake humwambia, "Fumba mato ulale." Wewe mama yako alikuambiaje? Andika hilo.

Kama lugha ya nyumbani ni Kihaya, Kigogo, Kikamba au nyingine, usiogope kuleta neno lake ndani ya shairi la Kiswahili pale ambapo neno la Kiswahili lingedanganya. Enanga ya Wahaya ni enanga. Ukiigeuza gitaa ili mtu wa Dar es Salaam aelewe, umempa gitaa na umemnyima enanga. Cha kufanya ni kuliweka neno mahali ambapo kazi yake inajieleza. Ukisema nyuzi zake ziliguswa, na mzee akaanza kusimulia habari za mashujaa, msomaji ameshaelewa bila tanbihi. Kipimo changu ni neno moja la nyumbani kwa ubeti, mara chache mawili. Yakizidi hapo msomaji anachoka, na wewe unaanza kuonyesha maneno badala ya kusema jambo.

Na uangalie neno linavyosafiri. Katika rasimu yangu ya makumbi niliandika kwamba bibi aliokota "gongo", nikimaanisha kipande cha mti cha kupigia. Rafiki yangu wa Tabora aliposoma alinyamaza, halafu akaniuliza kwa upole kama bibi alikuwa mlevi. Bara gongo ni pombe kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Nilirudi kwenye karatasi ya shangazi na kukuta mchi ukinisubiri.

Hatua ya tano: chagua umbo linaloibeba kazi

Kama una kisa kirefu chenye mwanzo, safari na mwisho, utenzi unakufaa: vipande vifupi vya mizani 8, vinne kwa ubeti, vitatu vya kwanza vikilingana vina na cha nne kikibeba kina cha utenzi mzima. Huo huenda mbio, na pumzi ya msimulizi haikatiki. Kama una swali, ubishi, au tukio moja la kulitazama pande zote, chukua tarbia: mishororo minne, vipande viwili kila mshororo, 8 na 8. Ukitaka kitu cha kuimbwa harusini au kwenye kazi, jaribu mizani 12 kwa mshororo, 6 na 6, mishororo mitatu tu.

Watu wa bara wasiambiwe kwamba arudhi ni ya pwani na haiwahusu. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, akatunga kwa arudhi maisha yake yote, na ndiye aliyeipa ngonjera umaarufu. Wala wasiambiwe kwamba lazima waifuate. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa diwani ya mashairi huru mwaka 1974, na mjadala uliozuka wakati ule haujaisha mpaka leo.

Mimi ni mtu wa arudhi, na sababu yangu ni ya kazi. Mizani hunikataza neno la kwanza lililonijia, na neno la kwanza kwa kawaida ni lile ambalo kila mtu analo. Nikihitaji silabi mbili pungufu nalazimika kurudi kwenye orodha ya vitenzi, na huko nakuta kitu cha kweli zaidi. Ukichagua shairi huru, tafuta kitu kingine cha kukukataza hivyo. Chukua mapigo ya ngoma ya kwenu au mwendo wa mchi kinuni, ufanye mistari yako iende kwa mapigo hayo.

Hatua ya sita: tunga ubeti mmoja mpaka uishe

Usitunge beti kumi. Tunga mmoja. Nitakuonyesha wangu ulivyokwenda.

Nilijua tukio: bibi ananyanyua mawe, harufu inatoka, mimi nabana pua, yeye anasema kitu. Nilichokumbuka alisema kilikuwa kirefu na cha mdomoni: kwamba viatu nilivyovaa kwenda skuli vilinunuliwa kwa pesa ya uvundo huo. Hilo lilikuwa kiini. Mengine yote yalikuwa njia ya kulifikia.

Vina kwanza. Nilikwepa -ni makusudi. Kina cha -ni ni chepesi mno kwa sababu kila mahali panaweza kubeba -ni: pwani, shimoni, mchangani, viganjani. Ukikichagua, shairi linajaa mahali na linakosa vitendo. Nikaitazama kazi yenyewe na kuona kwamba kuoza, kuuza na kuuliza vinakaa pamoja. Kuoza na kuuza! Kazi nzima ya bibi ilikuwa katikati ya maneno hayo mawili. Basi kina cha mwisho ni -za. Cha kati nikachukua -ta, kutokana na kuvuta na kupata.

Mshororo wa kwanza: "Bibi mawe ameyavuta". Hesabu kwa vidole: bi-bi-ma-we-a-me-ya-vu-ta, 9. Silabi moja imezidi. Hapo inkisari, yaani kufupisha neno, inaruhusiwa, na "kayavuta" ikakaa: bi-bi-ma-we-ka-ya-vu-ta, 8. Kipande cha pili, "makumbi yameshaoza", kilitoka 8 bila kusukumwa.

Mshororo wa pili nilianza na "harufu ikanikuta". Mizani ni 8, kina kipo, lakini harufu kumkuta mtu ni maneno ya mtu yeyote. Nilikumbuka nilivyofanya hasa: niliishika pua kwa kiganja kizima kama ninayeificha. "Pua nikaifumbata." Kufumbata ni kushika kitu ndani ya ngumi, hata kisionekane. Hicho ndicho kitenzi.

Mshororo wa tatu ulikuwa maneno ya bibi. Sentensi yake ndefu haikuingia, na kila nilipoikata ilitoka kama hotuba. Nilijaribu "viatu umevipata, kwa makumbi ya kuoza". Mizani ipo, kina kipo, bibi hayupo. Bibi hakuwa mtu wa kutangaza. Alikuwa mtu wa kuuliza swali na kuendelea na kazi. Nilipokumbuka hivyo, swali likaja lenyewe.

Mshororo wa nne ndio ulionichelewesha. Kwanza niliandika "kamba alizosokota, ndizo zilizonikuza". Nilikaa nao siku nyingi kwa sababu una sauti nzuri ya kumalizia. Lakini unamweleza msomaji kitu ambacho swali la bibi limekwisha kumpa. Niliufuta, nikamwacha bibi afanye alichofanya kweli. Ubeti ukawa hivi:

Bibi mawe kayavuta, makumbi yameshaoza,
Pua nikaifumbata, bibi akaniuliza:
"Viatu ulivyopata, nini nilichokiuza?"
Mchi wake kaokota, kazi akaendeleza.

Rudia lile jaribio. Humu hamna jina la mahali hata moja la kufuta, na bado shairi haliwezi kuhamia milimani wala ziwani.

Mambo machache ya kuangalia unapohesabu. M na n zinazosimama peke yake mbele ya konsonanti, kama katika mchi na nchi, huhesabiwa mizani kamili. Ukizisahau utajikuta pungufu kila mara. Inkisari na mazida (kurefusha neno) ni ruhusa, lakini zitumie pale tu sikio linapozikubali: "kayavuta" inasemeka, ila kuna ufupisho mwingine ambao hakuna Mswahili aliyewahi kuutamka. Na usiboronge sarufi ili kupata kina. Watu wa kwenu hawasemi hivyo, na shairi ni lao.

Hatua ya saba: jua cha kuacha

Si kila kinachojulikana nyumbani ni cha kuandikwa. Mafunzo ya unyago na jando yana wenyewe, na wameyaweka ndani kwa makusudi. Nyimbo za huko zinaweza kuwa tamu kuliko chochote ulicho nacho, lakini ukizitoa nje umevunja uaminifu wa watu waliokukubali ndani. Waulize. Wakikataa, acha, na usitafute njia ya kuzunguka.

Aibu za familia nazo ziangalie. Unaweza kuandika ukali wa baba bila kumwandika hata jirani akamtambua. Badili kazi, badili kijiji, hifadhi kile kilichokuuma. Msiba ukiwa mbichi, ngoja. Nimeona mtunzi akisoma shairi la msiba wa nyumba fulani siku arobaini hazijatimia, na mama mwenye msiba akaondoka ukumbini akijifunika khanga usoni. Shairi lilikuwa zuri, na halikupaswa kusomwa siku ile.

Hatua ya nane: lisome mbele ya wenyewe

Kabla hujalipeleka gazetini, redioni au popote, lisome kwa sauti mbele ya watu wa kazi ile. Uwe umesimama au umekaa mkekani, haidhuru, lakini wasikie. Usianze kwa kueleza. Soma, nyamaza, tazama nyuso.

Nilipolisoma mara ya kwanza mbele ya mjomba, nilikuwa na ubeti mwingine uliosema bibi aliyaanika makumbi juani, kisha akayapiga. Mjomba aliinua mkono kabla sijafika mwisho. "Hapo umepindua," akasema. "Yanapigwa yakiwa maji. Ukiyapiga makavu usumba unakatika." Nilikuwa nimeitazama kazi hiyo utoto wangu mzima na bado nikaipindua, kwa sababu kina cha kipande kile kilinitaka nianze na jua. Ubeti huo niliutoa wote.

Wakicheka mahali usipotegemea, uliza ni kwa nini. Wakirudia mshororo mdomoni mwao, usiuguse tena. Wakinyamaza na kuangalia chini, subiri, usijaze ukimya kwa maelezo. Na wakikusahihisha, andika sahihisho lao kwa maneno yao, maana mara nyingi sahihisho ni mshororo unaofuata.

Ukimaliza, waachie nakala. Ya shangazi nimeiandika kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yake, naye huiweka ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi zake za kliniki. Nilipompelekea alinitaka niisome tena, polepole. Nilipofika "mchi wake kaokota" akanikatiza.

"Mchi gani? Watadhani ni mchi mzima."

"Nisemeje shangazi?"

"Sema mchi uliovunjika."

Nilihesabu kwa vidole chini ya meza: m-chi-u-li-o-vu-nji-ka. Nane. Nikageuza karatasi na kuuandika upande wa pili, mwanzo wa ubeti wa pili.